Sura ya Saba: Macho Nje, Macho Ndani

Mkalishe mtu ndani ya ndege ndogo, mfunge kitambaa machoni, kisha mwombe rubani aipinde ndege taratibu kuelekea kushoto na aendelee kuizungusha hivyo hivyo. Mwanzoni abiria wako atasema, kwa usahihi kabisa, kwamba mnapinda kushoto. Baada ya sekunde 20 hivi atakuambia mmenyooka. Hapo rubani akiinyoosha ndege kwelikweli, abiria atashika kiti kwa nguvu na kusema mmeanza kupinda kulia. Hadanganyi, wala si mwoga. Anaeleza kwa uaminifu kile alichoambiwa na sikio lake.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Mwili ukianza kuzunguka, majimaji hayo huchelewa kidogo, hulaza vinyweleo vilivyomo, na ubongo hupata habari. Mzunguko ukiendelea kwa mwendo uleule, majimaji huufikia mwendo wa mwili, vinyweleo husimama tena, na habari hukatika. Tena mzunguko ukiwa wa polepole mno, chini ya digrii mbili hivi kwa sekunde, hauhisiwi hata ulipoanza. Kwa mwanadamu anayetembea ardhini jambo hili halina madhara, maana macho yapo na yanasahihisha kila kosa la sikio bila hata mwenyewe kujua. Hatari huanza pale macho yanapokosa pa kushika: ndani ya wingu, au juu ya bahari usiku usio na mwezi.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 ambao hawakuwahi kufundishwa kurusha ndege kwa kutegemea mita peke yake, wakawapandisha angani na kuwaziba wasione nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Wa kwanza alishindwa baada ya sekunde 20, wa mwisho baada ya dakika nane, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Karibu wote waliingia kwenye mtego mmoja: bawa linashuka bila mtu kuhisi, pua ya ndege inainama, kasi inapanda. Rubani anaona kimo kinapungua, anavuta usukani ili apande. Lakini kwa kuwa ndege imeshalala ubavu, kuvuta huko kunaukaza tu mzunguko, na ndege inazidi kwenda chini.

Sehemu ya pili ya utafiti ule husimuliwa mara chache, nami naiona ndiyo yenye thamani zaidi. Marubani walewale walipewa mafunzo mafupi: wasome mita chache tu, wageuze ndege digrii 180, warudi kwenye anga safi walikotoka. Walipojaribiwa tena, karibu kila jaribio lilifanikiwa. Masikio yao hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali walipopeleka macho, na utaratibu waliofuata katika kuyapeleka.

Kwamba jambo hilo linawezekana lilikuwa limeshathibitishwa miaka 25 kabla yao. Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field karibu na New York, Luteni James Doolittle wa jeshi la Marekani aliketi kwenye kiti cha nyuma cha ndege aina ya Consolidated NY-2 kilichofunikwa kabisa, asione chochote cha nje. Kiti cha mbele alikaa rubani mwenzake, Benjamin Kelsey, akiwa ameiweka mikono yake mahali watu wa chini waione, wasije wakasema baadaye kwamba yeye ndiye aliyeiendesha. Doolittle aliruka, akazunguka, akatua. Dakika 15 tu. Mbele yake alikuwa na mita mpya kwa wakati ule: kipima kimo cha Kollsman chenye usahihi mkubwa kuliko vilivyotangulia, pamoja na dira ya jairo na upeo bandia vilivyotoka karakana ya Sperry. Kabla ya hapo, wingu zito lilikuwa ukuta. Baada ya siku ile likawa njia, kwa mtu aliyejifunza kulipita.

Upeo bandia, ule mstari unaosimama badala ya mstari wa mbali ambapo mbingu na ardhi hukutana, ndio moyo wa dashibodi ya ndege hadi leo. Juu yake buluu kwa anga, chini kahawia kwa ardhi. Ndege ikilala, mstari unalala. Kushoto kwake kuna mita ya kasi, kulia mita ya kimo, chini yake dira, na vyote vinne vinafanya umbo la herufi T. Mpangilio huo umedumu hata baada ya mishale kupisha skrini. Rubani aliyefundishwa vizuri huanzia kwenye upeo bandia, huenda kwenye kasi, hurudi. Huenda kwenye kimo, hurudi. Huenda kwenye dira, hurudi. Dereva mzuri wa basi la usiku hufanya vivyo hivyo kwa barabara, vioo na mita ya spidi, bila jicho kuganda popote.

Kuganda ndiko kunakoua. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern ilikuwa ikikaribia Miami na taa moja ndogo ya gurudumu la mbele haikuwaka. Wahudumu wote wa chumba cha marubani wakaikazania taa hiyo. Otopailoti iliyotakiwa kushikilia kimo ilikuwa imeachia bila wao kugundua, na ndege ikashuka polepole, kwa utulivu, hadi kwenye vinamasi vya Everglades. Mita ya kimo ilikuwa inafanya kazi muda wote. Watu 101 walikufa kati ya 176, na gurudumu halikuwa na kasoro.

Sasa twende Douala, kwa sababu huko ndiko somo hili lilikowafikia Wakenya kwa uchungu mkubwa kuliko popote pengine.

Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi. Ilikuwa imetoka Abidjan. Mvua kubwa ilikuwa imeichelewesha, na mbele yake kulikuwa na giza la msitu na mikoko. Ndani walikuwamo watu 114. Kapteni alikuwa na miaka 52, rubani msaidizi 23.

Ndege ile ilikuwa na tabia ndogo ya kuvutia kulia. Si ugonjwa wa kutisha. Ndege nyingi huwa na kitu cha aina hiyo, na rubani husahihisha kwa mkono bila kufikiri. Kapteni alisahihisha mwanzoni, kisha akaachia usukani na kuagiza otopailoti iwashwe. Msaidizi hakuitikia agizo lile. Otopailoti haikuwaka. Hakuna aliyetazama kama imewaka. Kwa karibu dakika nzima, ndege mpya yenye injini nzima na mita nzima iliruka usiku bila mtu kuiendesha, huku kila mmoja, bila shaka, akiamini kwamba inaendeshwa.

Nimeisoma sehemu hii ya mkasa mara nyingi na bado inanikaba koo, kwa kuwa hakuna kitu kilichoharibika. Bawa la kulia likashuka taratibu sana, kwa mwendo ambao sikio la binadamu haliwezi kuuhisi. Nje hapakuwa na mstari wowote wa kulisahihisha sikio. Ndani, upeo bandia ulikuwa ukiulaza mstari wake mbele ya marubani wawili, ukisema kweli tupu. Ndege ilipofika digrii 35 hivi za kulala, sauti ya onyo ikaita. Kapteni akashika usukani kwa mshtuko, na mwili wake, uliokuwa ukiamini kwamba wamenyooka, haukuwa na la kumwambia kuhusu upande. Akazungusha kulia. Kisha kushoto, kisha kulia tena. Ndege ikapinduka na kutumbukia kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache kutoka uwanjani, haijamaliza dakika mbili tangu iache ardhi. Mabaki yake hayakuonekana hadi jioni ya tarehe 6. Hakuna aliyepona.

Ripoti ya Kamerun, iliyotoka mwaka 2010, ilitaja chanzo kwa maneno ya kitaalamu ambayo kiini chake ni hiki: marubani walipotelewa na mwelekeo baada ya ndege kulala taratibu kwa muda mrefu, muda ambao mita hazikuwa zikitazamwa, na nje hakukuwa na alama yoyote ya kuonekana usiku ule. Ripoti iligusa pia udhaifu wa ushirikiano kati ya wale wawili.

Hilo la mwisho linatuhusu sisi kuliko tunavyopenda kukiri. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Kijana wa miaka 23 aliyeketi kando ya mtu wa umri wa baba yake hubeba malezi hayo hadi kwenye chumba cha marubani, na hakuna anayeyavua mlangoni. Ndiyo maana mashirika ya ndege siku hizi hayaiachi kazi hii kwenye hiari ya mtu. Yupo rubani anayeendesha na yupo rubani anayefuatilia. Kila agizo huitikiwa kwa sauti. Otopailoti ikiwashwa, wote wawili husoma maandishi yanayothibitisha kwamba imewaka, na kusema. Msaidizi akiona bawa limezidi kulala, anasema, "Kapteni, tumelala kulia," na akinyamaziwa anasema tena, na akinyamaziwa tena anauchukua usukani. Huko si kumkosea adabu mzee. Mzee yule ana wajukuu wanaomsubiri nyumbani, na sauti ya kijana ndiyo itakayomfikisha.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba shida ni giza, na kwamba mchana mweupe macho yanatosha. San Francisco inakanusha. Tarehe 6 Julai 2013, saa tano na ushei asubuhi, anga ilikuwa safi na njia ya kurukia ilionekana kutoka mbali. Mtambo wa uwanjani unaoionesha ndege mteremko sahihi wa kushukia ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi, hivyo Boeing 777 ya Asiana kutoka Seoul ilitakiwa kutua kwa macho. Kapteni aliyeendesha alikuwa mgeni kwenye aina ile ya ndege, na kando yake aliketi mwalimu wake. Walikuwa juu kuliko ilivyotakiwa. Katika kuhangaika kuishusha ndege, mtambo unaorekebisha nguvu za injini uliachwa katika hali ambayo haukuwa ukilinda kasi tena, nao waliendelea kuamini kwamba unailinda. Kasi waliyoilenga ilikuwa noti 137, yaani kilomita kama 254 kwa saa. Ilishuka hadi noti 103. Walipostuka, muda ulikuwa umekwisha; mkia ukagonga ukuta wa ufukweni. Kati ya watu 307, watatu walikufa.

Mita ya kasi ilikuwa mbele yao yote hayo yakitokea, katika mwanga wa mchana. Macho yalikuwa yameshikwa na njia ya kurukia.

Naijua hamu hiyo ya kukodolea mahali unapotaka kufika. Kila anayeshuka kuelekea uwanjani huwa nayo. Lakini jicho, pamoja na uzuri wake wote, ni mpimaji mbaya wa kasi na kimo. Njia ya kurukia iliyo nyembamba kuliko ile uliyoizoea hukufanya ujione uko juu mno, nawe utashuka mapema mno. Njia inayopanda kilima hufanya hivyo hivyo, na viwanja vya porini katika mbuga zetu haviko vyote tambarare. Usiku, uwanja wenye taa ulioko ng'ambo ya maji meusi au pori lisilo na taa ni hatari zaidi: jicho halina kitu kati yake na zile taa, na rubani hujikuta akishuka chini ya mstari salama huku akiwa na hakika kwamba yuko sawasawa. Dawa yake ni hesabu ndogo na mita ya kimo. Kwa mteremko wa kawaida wa digrii tatu, maili tatu za baharini kutoka uwanjani unatakiwa uwe futi 900 na kidogo juu yake. Pembeni mwa njia nyingi za kurukia kuna pia taa nne zilizopangwa mstari: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, nne nyekundu, umeshuka mno, ongeza nguvu sasa hivi.

Na mita nazo? Mita huharibika. Tarehe 1 Januari 1978, Boeing 747 ya Air India iliruka Bombay usiku kuelekea Dubai, ikapinda kulia juu ya Bahari ya Arabu kama ilivyoelekezwa, kisha ikajinyoosha. Upeo bandia wa kapteni haukunyooka nayo. Uliganda ukionesha bado wamelala kulia. Kapteni akasahihisha kushoto, na kushoto zaidi, mpaka ndege ikapinduka. Watu 213 walikufa, haijafika dakika mbili tangu waruke. Upeo bandia wa msaidizi ulikuwa mzima. Ule wa tatu, wa akiba, ulikuwa mzima. Mhandisi wa safari aliyeketi nyuma yao alisikika kwenye kinasa sauti akimwambia kapteni asiifuate mita ile. Kwenye giza juu ya bahari, kapteni alishikilia mita moja kati ya tatu, na ndiyo iliyokuwa mbovu.

Ndiyo maana naona neno "amini mita zako", wanaloambiwa wanafunzi siku ya kwanza, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzihoji zenyewe kwa zenyewe. Upeo bandia unasema tumelala kulia: je, dira inazunguka kuelekea kulia? Kama dira imetulia na mita ya mgeuko imetulia, basi upeo ule ndio mgonjwa. Mita ya kasi inasema tunakwenda mbio kupita kiasi: je, pua iko chini, kimo kinapungua? Kama pua iko juu na nguvu za injini hazijabadilika, huenda ule mrija wa nje unaopima upepo umeziba. Kila jibu linapatikana kwa kutazama mahali pawili, hata patatu, na linahitaji sekunde chache tu, ilimradi mtu awe na mazoea ya kuzunguka kabla ya shida kuja.

Kwa rubani wa ndege ndogo upande wa pili wa mizani ni mzito vilevile. Mchana, katika anga safi, mafunzo ya Marekani humtaka mwanafunzi atazame nje walau asilimia 90 ya muda na ndani asilimia 10 tu. Skrini za kisasa, zenye ramani za rangi na milima iliyochorwa, zimeyavuta macho ya wengi ndani, na hilo linanitia hofu katika anga kama ya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mahali ambapo ndege za mafunzo na za abiria huchangia njia zilezile kila asubuhi. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria iliyokuwa inaelekea Diani iligongana na Cessna ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile kubwa, yenye watu 44, ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Katika anga yenye msongamano namna hiyo, jicho lililo nje ni la lazima, pamoja na masikio kwenye redio.

Na milima ipo. Tarehe 5 Juni 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo walikufa. Nyanda za juu za Kenya na Tanzania hufungwa na mawingu kwa namna inayomghilibu mtu: bonde liko wazi, mlango wa bonde uko wazi, na katikati ukungu umekaa. Rubani wa kuruka kwa macho akiingia humo kidogo tu "kuchungulia", zile sekunde 178 zimeshaanza kuhesabika. Uamuzi bora anaoweza kuufanya ni kugeuka akiwa bado anaona, na mara nyingi anayemzuia asigeuke ni sisi abiria.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wewe unayekodi ndege kwenda Mara, Serengeti au Mafia, ukiambiwa asubuhi kwamba safari inasubiri wingu lipande, usimpigie simu mwenye kampuni kumshtaki rubani, wala usimwoneshe saa yako. Akigeuka katikati ya safari na kukurudisha ulikotoka, mshukuru na mlipe. Na wewe unayejifunza kuruka, mwombe mwalimu akuvalishe ile kofia yenye ukingo mrefu inayoziba mwonekano wa nje, mara nyingi kuliko mtihani unavyodai, tena usiku, tena katika wiki ambayo umechoka. Saa zinazodaiwa kwa leseni ya rubani binafsi ni za kukuonjesha tu kazi hii. Hazitoshi kukutoa ndani ya wingu.